Jahazi Limechomwa, Reale Ziko Wapi?

Kabla ya kulitia moto, walilipima. Mabaharia wa manowari ya Kiingereza walivuta kamba ya kupimia kutoka omo hadi tezi, wakachukua upana, wakateremka ngamani kuchukua kina. Ofisa wao akapiga hesabu, akapata tani, akaandika cheti na kutia saini. Ndipo moto ukawashwa. Katika maji ya Unguja na Mrima, miaka ya 1860, cheti hicho ndicho kilichofika mbele ya hakimu. Jahazi lenyewe lilikwisha kuwa majivu.

Mwenye jahazi aliyenusurika alikuwa na swali moja kubwa kuliko yote: na vilivyokuwamo?

Aghalabu kimojawapo kilikuwa fedha, tena fedha yenyewe, madini. Pwani nzima ilifanya biashara kwa reale. Edward Steere, mmisionari wa Unguja aliyekuja kuwa askofu, aliziorodhesha katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870. Palikuwa na reale ya Sham, iliyobeba sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Palikuwa na reale ya mzinga kutoka himaya ya Hispania, ambayo nguzo zake mbili zilifanana na mizinga machoni mwa watu wa pwani. Palikuwa pia na reale ya Kifaransa.

Reale ya Sham ina uzito wa gramu 28 hivi, na upana wake ni sentimita 4 hivi. Imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, na viwanda vya sarafu viliendelea kuigonga kwa tarehe hiyohiyo miaka mingi baadaye, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliizoea sura hiyo na kuiamini. Kwa mahakama, hapo ndipo palipokuwa na taabu. Reale moja haitofautiani na nyingine. Pembe ya ndovu huweza kutiwa alama ya mwenyewe, na robota la nguo huweza kuandikwa jina. Reale mia mbili zikishatolewa katika kasha la nahodha na kuingia mfuko mwingine, hazina tena la kusema.

Fukwe ambazo leo ni viunga vya Dar es Salaam zilikuwa ndani ya biashara hiyo kabla jiji halijakuwapo. Kunduchi na Msasani, upande wa Kinondoni, zilikuwa bandari ndogo za majahazi. Ng'ambo ya mlango wa bandari palikuwa na Mbwamaji, sehemu iliyohesabiwa chini ya Temeke mpaka Kigamboni ilipofanywa wilaya peke yake. Bara la fukwe hizo, Wazaramo walichimba sandarusi ardhini, wakaiuza kwa wafanyabiashara wa pwani, wengi wao Wahindi, nayo ikavushwa Unguja. Kutoka huko ilisafirishwa hadi Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Waamerika, waliokuwa na mkataba na Sultani Sayyid Said tangu 1833, walileta nguo iliyopata jina lao, merikani, pamoja na sarafu za fedha. Kwa hiyo jahazi lililotoka Unguja kwenda Mbwamaji miaka ya 1860 lingeweza kubeba reale za kununulia sandarusi, nguo, mchele, abiria watano na watumwa wawili wa mwenye mali, vyote kwa pamoja.

Mchanganyiko huo ndio uliowachanganya wakamataji, au ndio uliowapa nafasi. Mikataba ya 1822 na 1845 ilimzuia Sultani kuruhusu watumwa kuuzwa nje ya milki yake, lakini ndani ya maji yake, kati ya Kilwa na Lamu, usafirishaji uliendelea kuwa halali kwake. Afisa wa manowari aliyeona tanga kwa mbali alipaswa kuamua jahazi hilo linakwenda Unguja au linakwenda Sur, huko Omani. Tena hakuwa mwamuzi asiye na maslahi. Serikali yake ililipa pauni 5 kwa kila mtumwa aliyeokolewa, na palipokuwa hakuna watumwa, malipo yalifuata ukubwa wa chombo kwa tani. Hiyo ndiyo sababu kamba ya kupimia ilitangulia moto.

Chombo kisicho na mtumwa hata mmoja kiliweza kuhukumiwa kwa vifaa vyake. Dalili zilizotafutwa zilijulikana: maji mengi kuliko mahitaji ya mabaharia, sufuria kubwa kupita kiasi, mchele wa ziada, minyororo, mbao za kutandika sakafu ya pili. Orodha hiyo ilitungwa kwa ajili ya meli za Atlantiki. Katika Bahari ya Hindi, jahazi linalosubiri kusi au kaskazi na kubeba abiria lilihitaji maji mengi na mchele mwingi bila ya kuwa na mtumwa yeyote. Minyororo ilikuwa ushahidi mzito. Pipa la maji lilikuwa ushahidi wa anayelitazama.

Waliotakiwa kueleza walikuwa wengi, na kila mmoja alikuja na lugha yake. Nahodha alizungumza Kiarabu au Kiswahili. Waliotekwa kutoka bara walizungumza Kiyao, Kinyasa au Kizaramo, na wengi walikuwa wamekaa pwani majuma machache tu. Maofisa walizungumza Kiingereza. Katikati alisimama mkalimani aliyeajiriwa na manowari. Kapteni Philip Colomb wa manowari Dryad, aliyechapisha kitabu kuhusu kazi hiyo mwaka 1873, aliona wazi jinsi afisa alivyokuwa mikononi mwa mkalimani wake. Kapteni George Sulivan wa Daphne naye alitoa kitabu mwaka huohuo, chenye picha za watu waliookolewa wakiwa wamejikunyata juu ya sitaha. Maelezo ya watu hao yalikuwa mazito kuliko yote: nani aliwauza, walipita njia gani, walifungiwa wapi. Wao ndio walioumizwa na biashara hii kuliko mtu yeyote aliyepoteza kasha, na mara nyingi ndio waliohojiwa kwa haraka zaidi, kisha wakapelekwa Aden, Bombay au Ushelisheli.

Tabu ya kuitafuta fedha iliyokamatwa baharini ilikuwa kongwe huko Ulaya. Mwishoni mwa 1652, wakati wa vita vya Uingereza na Uholanzi, meli tatu, Samson, Salvador na St George, zilikamatwa zikiwa na shehena kubwa ya fedha iliyotoka Hispania. Wadai walisema mali ni ya watu wasiohusika na vita. Serikali ilishuku kwamba mwisho wa safari ulikuwa Uholanzi. Mfua dhahabu mmoja wa London, Thomas Violet, alishikilia kwamba zisiachiwe, akaandika kitabu kizima kujisifia.

Mahakama ya Bahari ya London ilikuwa na utaratibu wake. Mashahidi hawakuhojiwa hadharani. Waliulizwa maswali yaliyokwisha kuandikwa, majibu yakaandikwa na karani kwa nafsi ya tatu, na asiyejua kuandika akachora alama yake chini. Mabaharia wa meli iliyokamatwa waliulizwa wamezaliwa wapi, mwenye meli ni nani, shehena imepakiwa kwa jina la nani. Swali moja halikukosekana: je, kuna karatasi zozote zilizotupwa baharini au kuharibiwa wakati wa kukamatwa? Majaji walijua kwamba karatasi ndiyo kitu cha kwanza kupotea.

Nahodha William Kidd aliyajua hayo kwa gharama ya roho yake. Mwaka 1697 alikuwa Visiwa vya Ngazija, akaisafisha meli yake katika kisiwa cha Mwali, na huko maradhi yakaua mabaharia wake wengi. Januari 1698, karibu na pwani ya Malabar, aliikamata Quedagh Merchant, meli iliyobeba mali ya wafanyabiashara Waarmenia: hariri, bafta, sukari, kasumba. Kidd alidai ni ngawira halali kwa sababu meli ilikuwa na hati ya Kifaransa, naye alikuwa na leseni ya Uingereza ya kukamata mali ya Wafaransa. Kesi ilisikilizwa London tarehe 8 na 9 Mei 1701. Mashahidi wakuu walikuwa watu wake mwenyewe, tabibu Robert Bradinham na baharia Joseph Palmer, na wote wawili walisamehewa kwa kutoa ushahidi. Kidd aliomba hati zake ziletwe. Hazikuletwa. Alinyongwa tarehe 23 Mei. Hati za Kifaransa zilionekana katika makavazi ya serikali London mwanzoni mwa karne ya 20.

Unguja, malalamiko ya wenye majahazi yalipanda hadi kwa Sultani na kwa makonseli wa Uingereza wenyewe, na baadhi ya makonseli waliwaandikia wakubwa wao kwamba manowari zilichoma vyombo visivyo na hatia. Kwa muda mrefu kesi zilipelekwa Aden, Bombay, Mauritius au Rasi ya Tumaini Jema, na mfanyabiashara wa Mrima hakuwa na njia ya kumfuata mshitaki wake huko. Mwaka 1869 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuithibitishia mahakama ya konseli wa Unguja mamlaka juu ya kesi hizi, na Novemba mwaka huo maofisa waliagizwa wakifikishe chombo bandarini kila inapowezekana, wala wasikamate jahazi kwa sababu tu mna watumwa wa nyumbani. Konseli Henry Churchill, kisha John Kirk, daktari aliyewahi kusafiri na Livingstone, wakawa mahakimu. Sasa mwenye mali aliweza kusimama mbele ya anayeamua, akaleta shahidi wake na daftari la duka lake. Hata hivyo, kama jahazi lilikwisha kuchomwa, kazi ya kuonyesha kasha lilikuwa na nini ilibaki yake.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa na kuzuia usafirishaji wao wote kwa bahari. Biashara ikahamia nchi kavu. Frederic Elton, msaidizi wa Kirk, alitumwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka huo, akaenda kwa miguu kuelekea Kilwa akiwahesabu watu waliokuwa wakipelekwa kaskazini. Kati ya 21 Desemba na 20 Januari alihesabu 4,096. Hakukuwa na kamba ya kupimia msafara wa miguu.

Huko baharini, wenye majahazi walikwisha kujifunza kwamba salama yao ni karatasi, na karatasi iliyomzuia afisa wa Kiingereza kuliko zote ilikuwa hati ya Kifaransa, kwani Ufaransa ilikataa bendera yake kukaguliwa. Watu wa Sur walizitafuta hati hizo Mayotte, Nosy Be na Obock. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipokaribia jahazi lililopeperusha bendera hiyo ili kutazama hati zake. Ndani yake mlikuwa na watumwa.

Ugomvi wa bendera uliishia The Hague, katika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Tarehe 8 Agosti 1905 wasuluhishi watatu, kutoka Austria, Marekani na Uholanzi, waliamua kwamba baada ya 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati, isipokuwa waliokuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya 1863. Kesi iliyoanza kwa mapipa ya maji na minyororo iliishia kwenye tarehe za vyeti.

Kunduchi, nyuma ya soko la samaki na mahoteli, yapo makaburi ya nguzo ya watu waliotajirika kwa bahari hiyo. Wajenzi walizipamba nguzo kwa bakuli za kaure kutoka nje. Nyingi zimebanduliwa, na hakuna aliyeandika zimekwenda wapi. Katika chokaa yamebaki mashimo ya mviringo, kila moja na kipimo cha bakuli lake.