Anayeshika Hesabu ya Ndizi Ndiye Hushika Pesa

Wasee, ile ngoma ya ndizi ya Harry Belafonte ya 1956 mnaichezaga tu kwa pati. Lakini ni ngoma ya kazi. Ni watu wa Jamaika wamebeba mikungu hadi kwa meli usiku mzima, wanangoja mtu wa hesabu apite ndio waende nyumbani. Huyo mtu wa hesabu ndiye stori yangu leo.

Mwaka wa 1870 nahodha Mmarekani, Lorenzo Dow Baker, alibeba ndizi za Jamaika akaziuza Marekani. Faida ikamkolea. Kampuni aliyosaidia kuanzisha iliungana na zingine 1899, ikazaliwa United Fruit.

Sasa, mkulima alilipwaje? Si kwa kilo. Walihesabu vichana. Mkungu wa vichana 9 au zaidi ulikuwa mkungu mmoja kamili. Vichana 8, robo tatu. Vichana 7, nusu. Vichana 6, robo.

Piga hiyo hesabu polepole. Kutoka 9 hadi 6, ndizi zimepungua theluthi moja, lakini pesa imepungua robo tatu. Na ukileta vichana 12? Bado ni mkungu mmoja. Hakuna mtu ameiba kitu hapo. Kipimo chenyewe ndicho kimekula. Mwaka wa 1929 wakulima wa Jamaika waliunda chama chao cha ushirika, wasafirishe na kuuza ndizi wenyewe.

Mbona nimechimba hii yote? Kwa sababu huyo mtu wa hesabu nimemwona na macho yangu, kwa shamba la shosho, Murang'a.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Nikaenda kukaa na shosho kidogo. Broka akaja na pikapu, akaangalia mkungu, akaupiga kofi kama ng'ombe wa mnada, akasema 350. Shosho akaitikia. Alipoenda kuangalia mingine, nikaazima mizani kwa jirani. Kilo 31. Yaani karibu bob 11 kwa kilo. Nilikaa chini. Hiyo ndiyo pesa ilikuwa inanilipia karo.

Kitu kinauma ni kwamba mgomba hauna siri. Idadi ya vichana huamuliwa ndani ya shina kabla hata ua halijachomoza. Ua likitoka, pima mzingo wa shina kwa futikamba, kisha hesabu vichana vikifunguka. Kwa ndizi za aina moja, shina nene kwa kawaida hubeba mkungu mzito. Ukiandika vipimo hivyo, halafu upime kilo siku ya kuvuna, baada ya misimu kadhaa unaweza kukadiria mzigo miezi mitatu mapema, au zaidi. Broka anakadiria kwa jicho. Wewe utakuwa na daftari.

Nilimwonyesha shosho. Akaniambia, "Wee kijana, mimi nilijua ananipunja. Sikujua ni ngapi."

Hiyo "ngapi" ndiyo yote. Saa hii daftari liko jikoni, na futikamba ya fundi nguo inaning'inia kwa msumari. Broka alipokuja tena, shosho alimwambia angoje kwanza asome. Aliongeza bei. Si sana, lakini aliongeza.

Kwenu mnauza kwa jicho ama kwa kilo? Niambieni.