Robusta ni ya Kwetu: Historia ya Kahawa Iliyotoka Kongo

Leo tuongee kahawa. Sio ile ya hotelini yenye maua ya maziwa juu, hapana. Naongelea ile ya unga, ya kwenye kapaketi kadogo, unamwaga maji ya moto, unakoroga, unakunywa. Wengi wetu ndiyo tunayoijua. Wajuaji wanaidharau: eti ni chungu, ni ya maskini, imetengenezwa na robusta. Sawa. Lakini hiyo robusta ilianzia wapi safari yake? Kongo.

Turudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 kahawa ya biashara ilikuwa karibu yote arabika, ambayo asili yake ni Ethiopia. Waingereza waliilima Ceylon, inchi ambayo leo ni Sri Lanka, na Waholanzi waliilima Java. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ukaonekana Ceylon. Majani yanashika vumbi la rangi ya chungwa kwa chini, yanapukutika, mti unabaki uchi. Mashamba yakafa, Waingereza wakahamia kwenye chai. Kutu ikafika Java pia. Hapo Waholanzi wakaanza kutafuta mti mgumu zaidi.

Mti huo ulikuwa Kongo. Mbelgiji mmoja mtaalamu wa mimea, Émile Laurent, aliukuta sehemu za Lusambo, kwenye mto Sankuru. Tusiseme aliugundua. Kahawa ya ukoo huo huo ilikuwa inatumiwa zamani na Waganda na Wahaya kandokando ya ziwa Victoria. Walichemsha matunda, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni alikaribishwa na buni. Waganda wawili wakifanya udugu wa damu, waligawana mbegu mbili za tunda moja.

Karibu na mwaka 1900, kampuni ya Linden ya Brussels, wauza mimea, ikaanza kuuza miche hiyo kwa jina robusta, maana yake yenye nguvu. Kumbuka miaka hiyo Kongo ilikuwa mali binafsi ya mfalme Leopold II, watu wetu wanakatwa mikono kwa sababu ya mpira. Mche ukatoka msituni, ukapewa jina Ulaya, ukapanda meli hadi Java. Huko ulistahimili kutu, na baada ya miaka michache ulishapita arabika. Halafu mbegu zilizochaguliwa Java zikarudishwa Kongo zilimwe na Wakongomani! Kuanzia 1933 Wabelgiji walikuwa na taasisi kubwa ya kilimo, makao yake Yangambi, karibu na Kisangani, na robusta ilikuwa moja ya kazi zake.

Sasa nani aliichagua hiyo kahawa? Mnywaji, ila mara nyingi bila kujua. Robusta inakubali joto na mabonde ya chini, wakati arabika inataka milima kama ya Kivu. Robusta inazaa sana, kwa hiyo bei yake iko chini. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, na hiyo inachangia uchungu wake. Nescafé ilipotoka Uswisi mwaka 1938, na kahawa ya unga ikaenea baada ya vita, viwanda vilitaka buni ya bei nafuu. Robusta ikapata soko. Waitaliano nao wanaichanganya kwenye espresso ili povu lisimame vizuri. Ndugu zetu mlioko Kigoma mnaijua Africafé: inatengenezwa Bukoba, mkoa wa Kagera, na huko robusta ndiyo imejaa. Leo robusta ni karibu asilimia 40 ya kahawa yote ya dunia. Yule anayesema haipendi, pengine asubuhi ameinywa.

Basi kwa nini Kongo haitajwi? Mwaka 1973 Mobutu alinyang'anya wageni mashamba na kuwagawia watu wake, na mengi yakaachwa yakawa pori. Mwaka 1989 mkataba wa dunia wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Ugonjwa wa kunyauka ukaangamiza miti kaskazini-mashariki, sehemu za Isiro na Beni, na 1993 ukaonekana Uganda. Kisha vita, na hiyo hamuhitaji niwaeleze. Wakati huo huo Vietnam ikapanda robusta kwa nguvu, na leo ni ya pili duniani kwa kahawa, nyuma ya Brazil.

Lakini angalieni Uganda. Walipigwa na ugonjwa ule ule. Wakatafuta miche inayovumilia, wakaigawia wakulima, na leo robusta ndiyo kahawa yao kubwa. Tena sasa kuna robusta inayochumwa ikiwa nyekundu tu, inakaushwa vizuri, inaonjwa na wataalamu na kupewa alama kama arabika. Kumbe uduni haukuwa kwenye mti. Ulikuwa kwenye bei ambayo mnunuzi alikuwa tayari kulipa, na namna mkulima alivyolazimika kuvuna kwa haraka.

Kwa hiyo mtu akikwambia Kongo imetoa vita tu, mwonyeshe kikombe chake. Na kama nyumbani kwenu kuna babu au bibi aliyelima kahawa kule Isiro, Beni au Kisangani, kaa naye. Muulize waliuza kwa nani, kwa bei gani, na shamba sasa liko mikononi mwa nani. Andika anachosema. Siku tukirudi, hayo majibu tutayahitaji.