Resori na amotisa: historia ndefu ya kutuliza gari

Katika garaji nyingi za Goma, Bukavu na Butembo, gari likianza kulala nyuma dawa huwa moja: fundi anaongeza bamba la resori. Gari linainuka, magunia yanapanda, mwenye gari anafurahi. Anayelipa ni abiria, kwa mgongo wake. Fundi hana kosa kwa upande wa mzigo, lakini kubeba ni kazi moja na kutuliza ni kazi nyingine. Hata walioanzisha magari walichelewa kuona tofauti hiyo.

Resori ya mabamba ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1804, Obadiah Elliott, mtengenezaji wa magari ya farasi huko London, alipewa hati ya ubunifu kwa gari lililokaa juu ya mabamba ya chuma yaliyopindwa. Kabla ya hapo, sanduku la abiria lilikuwa linaning'inizwa kwa mikanda ya ngozi.

Ford T iliyotoka Marekani mwaka 1908 ilirithi chuma hicho: resori moja imelala kwa upana mbele, nyingine nyuma. Yaliuzwa magari zaidi ya milioni 15, na kiwanda hakikuyawekea amotisa. Likigonga shimo, gari liliendelea kuruka, kwa sababu kilicholituliza ni msuguano wa mabamba yenyewe tu. Wenye magari wakaanza kununua vifaa vya kutuliza na kuvifunga wenyewe. Kwa hiyo kazi ya kuboresha gari baada ya kulinunua haikuanza leo.

Kifaa cha kwanza kilichopata jina kilibuniwa na Mfaransa Truffault, na Edward Hartford akakiuza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kilikuwa mikono miwili kama mkasi, katikati vipande vinavyosuguana. Baadaye yakaja mafuta: pistoni inayasukuma kupita kwenye matundu madogo, na nguvu ya mruko inageuka joto. Ford A, iliyorithi nafasi ya Ford T mwishoni mwa 1927, ilitoka kiwandani na amotisa za mafuta.

Mafuta nayo yana udhaifu wake, na hapa ndipo barabara zetu zinaingia. Kwenye njia yenye migongo kama bati, amotisa inafanya kazi bila kupumzika. Mafuta yanapata moto, yanachanganyika na hewa, yanatoa povu, na povu halizuii kitu. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alipata jibu katika miaka ya 1950: kuweka gesi yenye shinikizo ndani ya amotisa, ikitenganishwa na mafuta kwa pistoni ya pili, ili povu lisitokee. Kampuni ya Bilstein ilizitengeneza kwa ajili ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Kwa dereva anayeshinda kwenye mawe, badiliko hilo lina faida kuliko bamba la ziada.

Toyota nayo ilifika kwenye hesabu hiyo. Land Cruiser ya aina ya 70, iliyotoka mwaka 1984, ndiyo inayobeba wagonjwa na chanjo katika vijiji vingi vya Kongo. Zile za kazi nzito zilikuwa na mabamba mbele na nyuma. Mwaka 1999 kiwanda kiliweka mbele resori za kuzunguka, zilizo laini zaidi, na nyuma kikaacha mabamba, lakini marefu zaidi. Bamba refu linapinda kwa upole kuliko fupi.

Anayeongeza mabamba kwenye gari la wagonjwa anarudi nyuma ya hesabu hiyo. Gari likiwa tupu linakuwa gumu, tairi linaruka na kuachana na ardhi, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Amotisa ya zamani, iliyopimiwa resori laini, haiwezi kuzuia nguvu mpya. Kama mzigo unalazimisha resori ngumu, basi amotisa zibadilishwe pamoja nazo, mbili mbili kwa kila ekseli. Kujua hali yake si kazi kubwa: sukuma kona ya gari kwa nguvu kisha achia. Likipanda, likashuka na kusimama, bado iko sawa. Likiendelea kucheza, au mafuta yakionekana yamelowanisha mwili wa amotisa, imekufa, hata kama gari limesimama juu kwa heshima.