Gole la kuku likiziba: fanya hivi kabla ya kutafuta kisu

Asubuhi unafungua kizimba, kuku wote wanatoka mbio isipokuwa mmoja. Amesimama pembeni, kila mara anainyoosha shingo kama anayemeza kitu kisichoshuka, na mbele ya kifua ana uvimbe mkubwa kama limau. Hapa Bura jibu la haraka ni "hicho ni kideri", na kisu kinatafutwa. Lakini kideri hakichagui mmoja. Huingia bomani kikaangusha wengi kwa siku chache, na dalili zake ni kukoroma, kuharisha kijani, mabawa kulegea na shingo kupinda. Kuku mmoja peke yake mwenye uvimbe kifuani, mwangalie gole kwanza.

Gole ni kile kifuko cha chini ya shingo, kwa upande wa kulia wa kuku, ambamo chakula hukaa na kulainika kabla ya kushuka hadi kwenye firigisi. Jioni huwa limejaa, na hiyo ni kawaida. Kwa hiyo mpime alfajiri kabla hajala. Kuku mzima huamka gole likiwa tupu. Likiwa bado limejaa na gumu kama donge la unga uliokandwa, limeziba. Likiwa laini, linachezacheza kama mfuko wa maji, na mdomo unanuka uchachu, hilo limechacha, na matibabu yake ni mengine.

Sababu kwetu si za kutafuta mbali. Majani makavu marefu ndiyo mkosaji wa kwanza: kuku akikosa majani mabichi hudonoa makavu, nayo hujisokota tumboni kama kamba. Mathenge, uliopandwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, umeyasonga malisho mengi, na nyasi laini zimepungua. Kuna nyuzi za magunia, uzi wa kushonea, na vipande vya nailoni, ambavyo bado viko ardhini ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Kisha kuna kiu. Wenyeji wa skimu wanajua miaka ambayo pampu za Nanigi zilisimama na mifereji ikakauka. Binadamu hutafuta mtungi, kuku husahaulika. Chakula kikavu bila maji kwenye joto letu hugeuka donge.

Sasa matibabu. Mtenge kuku kivulini, mnyime chakula kigumu kwa siku moja, lakini maji safi yawepo wakati wote. Chukua maji ya uvuguvugu na bomba la sindano lisilo na sindano, au kijiko kidogo. Mtu mmoja amshike kuku akiwa wima, mabawa yamebanwa kwapani. Tone baada ya tone, tia maji pembeni mwa mdomo upande wa kulia wa kuku, na umwache ameze mwenyewe. Usimimine katikati: tundu la pumzi liko hapo hapo nyuma ya ulimi, na maji yakiingia mapafuni umemuua kwa mkono wako. Vijiko viwili au vitatu vya chai vinatosha kwa mara moja. Unaweza kuongeza nusu kijiko cha mafuta ya nazi au ya kupikia, kwa uangalifu huo huo.

Halafu likande gole polepole kwa vidole, dakika tano hivi, ukilivunja lile donge vipande vipande. Usilibane kwa nguvu. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Subira ndiyo dawa hapa. Nimeona watu wakikata tamaa saa sita mchana na donge likalainika magharibi.

Wako wanaomning'iniza kuku miguu juu ili atapike. Msifanye hivyo, hasa kwa gole lililochacha, kwa sababu yale maji hurudi kwenye njia ya pumzi. Gole lililochacha huletwa mara nyingi na kuvu, na linataka dawa ya kuvu kutoka kwa mtaalamu. Antibiotiki za kubahatisha dukani huweza kuizidisha kuvu hiyo.

Na wembe? Ni kweli gole hupasuliwa, likasafishwa na kushonwa, na kuku akapona. Lakini hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye ganzi na vifaa safi. Siku mbili zikipita bila nafuu, au kuku akikonda na kulegea, muone afisa wa mifugo wa wadi. Akipewa dawa yoyote, uliza ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe.

Gole likishuka, anza na uji mwepesi, wali uliopondwa au yai la kuchemsha, kidogo kidogo kwa siku mbili tatu. Mpe pia changarawe ndogo. Firigisi husaga kwa vijiwe, na kuku anayefungiwa kwenye udongo wa mfinyanzi wa skimu havipati. Kopo moja la changarawe kutoka lagani linawatosha kwa muda mrefu. Likijaa tena baada ya wiki, tatizo liko chini zaidi, huenda ni minyoo au kitu kilichokwama kwenye firigisi, na hapo kukanda peke yake hakutasaidia.