Tuzo Kubwa na Ukuu wa Sinema: Out of Africa Ikitazamwa kutoka Nchi ya Chai

Swali la iwapo tuzo kubwa za filamu huwatambua kwa haki waelekezi wakuu na sinema bora ni la zamani, na mara nyingi hujibiwa kwa kuorodhesha majina ya waliosahauliwa. Hakuna asiyejua kwamba Alfred Hitchcock hakupata kamwe tuzo ya Oscar ya mwelekezi bora. Hata hivyo, orodha peke yake haielezi kitu. Makala hii inanuia kulikabili swali hilo kwa njia ya historia, kwa kuchunguza mwaka mmoja na filamu moja iliyopigwa nchini Kenya. Tutaitazama filamu hiyo tukiwa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Inahusu shamba la mlowezi, na katika nyanda hizi suala la mashamba ya walowezi halijapata kuwa hadithi ya kale.

Usiku wa tarehe 24 Machi 1986, Out of Africa (1985) iliyoelekezwa na Sydney Pollack ilitunukiwa tuzo saba za Oscar, zikiwemo ya filamu bora, ya mwelekezi bora, ya mswada, ya upigaji picha na ya muziki. Miongoni mwa waelekezi walioshindana na Pollack alikuwamo Akira Kurosawa wa Japani, mwenye umri wa miaka 76, aliyependekezwa kwa ajili ya Ran, filamu inayoisuka upya tamthilia ya King Lear ya Shakespeare. Ran ilipata tuzo moja tu, ya mavazi. The Color Purple, iliyotokana na riwaya ya Alice Walker, ilipendekezwa mara 11 na haikupata hata tuzo moja. Mwelekezi wake, Steven Spielberg, hakutiwa hata katika orodha ya waliopendekezwa, ilhali chama cha waelekezi wa Marekani kilikuwa kimemtunuku kwa filamu iyo hiyo. Vyombo viwili vya tasnia moja, katika mwezi mmoja, vilitofautiana kuhusu nani ni mwelekezi bora. Hapa ndipo tunapoanza kung'amua kwamba tuzo ni hukumu ya kundi fulani la watu kwa wakati fulani, wala si mizani ya ukuu.

Je, kundi hilo liliona nini? Ni dhahiri kwamba liliona ufundi. Picha za David Watkin na muziki wa John Barry zilistahili sifa, na mhakiki asiyekiri hivyo atakuwa anahakiki kwa chuki. Lakini tuzo ya filamu bora hudai kupima kazi nzima, maudhui kwa fani. Tukumbuke tukio mashuhuri la karibu na mwisho, ambapo Karen Blixen anapiga magoti mbele ya gavana akiwaombea ardhi Wakikuyu wanaoishi shambani mwake. Filamu haifichi ukweli: Karen mwenyewe anakiri kwamba ardhi ilikuwa yao na kwamba ilichukuliwa. Hata hivyo, kukiri huko kunageuzwa kuwa ushahidi wa utu wa bibi huyo. Wanaoombewa hawasemi neno. Dhuluma inatajwa, kisha inamezwa na huruma ya aliyenufaika nayo.

Mtazamaji wa Bomet hawezi kulipita tukio hilo kwa wepesi. Wakipsigis walipoteza sehemu kubwa ya ardhi yao kwa walowezi na, kuanzia miaka ya 1920, kwa kampuni za chai. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho walioitwa orkoiik, na kuwapeleka Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Kwa mtazamaji huyu, swali la nani alisema na nani alinyamazishwa si pambo la nadharia. Ni swali la kisanaa pia, kwa kuwa mwelekezi ndiye anayeamua kamera imtazame nani.

Huenda ikasemwa kwamba tunaidai filamu moja ilipe deni la ukoloni mzima. La hasha. Tunachodai ni kwamba ukuu usitangazwe kabla ya kuuliza ni kazi zipi zilizopata nafasi ya kushindanishwa. Katika kipindi hicho hicho Watanzania walikuwa na Arusi ya Mariamu (1985), na nchini Kenya Sao Gamba alitengeneza Kolormask (1986). Ousmane Sembène, ambaye jopo la Venice lilimtunuku mwaka wa 1968 kwa Mandabi, alifariki mwaka wa 2007 bila kupendekezwa kwa Oscar. Kenya iliwasilisha filamu yake ya kwanza huko mwaka wa 2012, nayo ni Nairobi Half Life ya David Gitonga.

Isitoshe, katika kitengo cha filamu za kimataifa kila nchi huwasilisha filamu moja tu, kwa hiyo mlango wa kwanza uko nyumbani. Mnamo Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Nairobi iliondoa kwa siku saba marufuku dhidi ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ili ionyeshwe na itimize masharti ya kushindania Oscar. Hatimaye iliyoteuliwa ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina. Nayo Shimoni ya Angela Wamai ilipata Farasi wa Shaba katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka wa 2023. Majopo ya Ouagadougou nayo yana siasa zake. Ubora wake ni kwamba yanaongeza macho ya kutazama.

Kuna mfano wa hapa petu. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyesikika kwa santuri na, kwa maelezo ya Tracey, aliyedhaniwa kuwa nusu mtu nusu paa. Wasichana wale walimtambua msanii wa mbali bila jopo wala sanamu ya dhahabu: walimpokea, wakamgeuza, wakamtia katika ngoma yao. Utambuzi wa namna hiyo hudumu kwa sababu huzaa kazi nyingine.

Kwa hiyo, tuzo kubwa hutambua sehemu ya ukweli, hasa ufundi na ladha ya wanaopiga kura. Hatari inaanza pale idara zetu zinapochagua filamu za kufundishia kwa kufuata orodha za washindi, kwani hapo uamuzi wa usiku mmoja wa 1986 unakuwa silabasi ya vizazi. Ran na Out of Africa zifundishwe pamoja, na Kolormask iwekwe kando yao. Mwanafunzi aliyekulia kando ya shamba la chai apewe nafasi ya kuamua mwenyewe.