Foleni za magari mijini: kwa nini barabara hupanuliwa na bado hazitoshi

Lori la nyanya likitoka Ilula, mkoani Iringa, linaweza kutembea usiku kucha bila shida na kufika viunga vya Dar es Salaam alfajiri. Kazi huanza hapo. Kilomita chache za mwisho kabla ya sokoni zinaweza kulichukua saa nzima au zaidi. Mafuta yanaungua gari likiwa limesimama, jua linapanda, nyanya za chini zinapondeka. Hasara hiyo haibaki mjini. Mnunuzi anayejua kwamba atakwama njiani hukata bei mapema kwa mkulima shambani.

Kwa hiyo, msikilizaji, foleni ya mjini inakuhusu hata kama huna gari wala hukai mjini. Katika makala hii tunaeleza foleni hutokana na nini, kwa nini kupanua barabara peke yake hakuimalizi, na miji mikubwa duniani imejaribu njia gani.

Foleni inatoka wapi?

Watu wengi husema foleni inaletwa na barabara mbovu au madereva wasio na adabu. Hayo yanachangia, lakini chanzo kikubwa ni nafasi. Gari dogo lina urefu wa mita nne hadi tano. Likiwa linatembea polepole huhitaji pia nafasi mbele yake, kwa hiyo tuseme linachukua mita kumi za barabara. Mara nyingi ndani yake kuna mtu mmoja au wawili.

Sasa piga hesabu. Abiria 60 wakienda kazini kwa magari madogo, na kila magari mawili yakabeba watu watatu, watahitaji magari 40. Hayo ni mita 400 za barabara, sawa na viwanja vinne vya mpira vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Abiria haohao 60 wakipanda basi moja kubwa, watachukua mita 20 hivi.

Tena gari halitaki nafasi likitembea tu. Gari linalotumika saa mbili kwa siku husimama saa 22 zilizobaki, na mahali pa kusimama ni ardhi ya mji: kando ya barabara, mbele ya duka, au juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Zamani gari lilikuwa la matajiri. Mwaka 1908 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza gari lililoitwa Model T kwa dola 850. Kiwanda kilipoboresha kazi yake bei ilishuka, na kufikia miaka ya 1920 gari hilo lilipatikana kwa chini ya dola 300. Hadi lilipoacha kutengenezwa mwaka 1927, zaidi ya magari milioni 15 ya aina hiyo yalikuwa yametoka. Leo dunia ina magari zaidi ya bilioni moja. Magari yameongezeka, lakini ardhi ya katikati ya mji haikuongezeka hata hatua moja.

Kwa nini barabara mpya hujaa tena?

Mfano unaotajwa sana unatoka Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Huko kuna barabara kuu iitwayo Katy Freeway. Ilipanuliwa kwa gharama ya takriban dola bilioni 2.8, na kazi ikamalizika mwaka 2008. Sehemu yake pana zaidi ina njia 26 ukihesabu na barabara za pembeni. Wengi waliamini foleni imekwisha. Lakini kati ya mwaka 2011 na 2014 muda wa safari wakati wa msongamano ulikuwa umeongezeka tena: asubuhi kwa karibu theluthi moja, na jioni kwa zaidi ya nusu.

Ilikuwaje? Fikiria kisima cha kijiji chenye foleni ya ndoo. Mkichimba kingine pembeni, wiki ya kwanza maji yanapatikana haraka. Habari zinasambaa. Wa kitongoji cha pili waliokuwa wakienda mtoni wanakuja. Aliyekuwa anachota usiku ili kukwepa foleni sasa anachota asubuhi. Aliyechota ndoo mbili anachota nne. Baada ya muda foleni inarudi, ingawa visima ni viwili na watu wengi zaidi wanapata maji.

Barabara ni hivyohivyo. Ikipanuliwa, wanaotumia basi hununua gari, waliokuwa wanapita njia nyingine wanahamia hapo, na watu wanajenga nyumba mbali zaidi kwa kuwa safari imekuwa fupi. Mchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliliandika jambo hili mwaka 1962: barabara kuu za mjini huvutia magari mapya mpaka msongamano wa saa za kazi unarudi.

Hii haina maana kwamba barabara zisijengwe. Kijiji kisicho na barabara kinahitaji barabara, na mji unaokua unazihitaji pia. Maana yake ni kwamba barabara ikiwa ya bure na wazi kwa kila gari wakati wowote, katika mji wenye watu wengi haitatosha hata ikipanuliwa vipi.

Tokyo: onyesha kwanza utaliweka wapi

Magari mengi tunayoyaona Tanzania, Kenya na Uganda yalitumika kwanza Japani. Usukani wao uko kulia kama wetu. Wajapani hawayauzi kwa sababu yameharibika. Sheria zao ndizo zinafanya kukaa na gari kwa muda mrefu kuwe na gharama. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake ni ghali. Wengi huona bora kuliuza.

Sheria nyingine ni ya mwaka 1962. Katika miji ya Japani huwezi kusajili gari kabla ya kuthibitisha kwamba una mahali pa kuliegesha, na pawe ndani ya kilomita mbili kutoka nyumbani kwako. Polisi wanaweza kwenda kupaangalia. Kulilaza gari barabarani usiku ni kosa. Kwa kuwa ardhi ya Tokyo ni ghali, maegesho ya mwezi yanaweza kugharimu kama kodi ya chumba.

Matokeo yake, ingawa Japani ni nchi ya viwanda vya magari, wakazi wa Tokyo wana chini ya nusu gari kwa kila kaya. Wanatumia treni. Na treni hizo zipo kila baada ya dakika chache, jambo ambalo tutalirudia.

Singapore: kibali cha miaka kumi

Singapore ni nchi ya mji mmoja, yenye watu karibu milioni sita katika eneo dogo kuliko wilaya zetu nyingi. Mwaka 1975 serikali yake ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji asubuhi. Gari lililobeba watu wanne au zaidi halikulipa. Magari yaliyoingia saa hizo yalipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Mwaka 1990 ikaja hatua kali zaidi. Anayetaka kusajili gari lazima kwanza apate kibali, na vibali huuzwa kwa mnada. Idadi yake hupangwa na serikali. Kibali hudumu miaka kumi, kisha mwenye gari anunue kingine au aliondoe gari barabarani. Februari 2018 serikali iliamua kuzuia ongezeko la magari ya binafsi: gari jipya likawa linaingia pale la zamani linapotoka. Oktoba 2023 kibali cha gari kubwa kilifikia zaidi ya dola 150,000 za Singapore, ambazo ni zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Hapo gari lenyewe bado hujalinunua.

Barabara za Singapore zinapitika. Lakini swali la haki liko wazi: mwenye pesa nyingi ndiye anayepata gari. Serikali hiyo hujibu kwa kujenga usafiri wa umma. Treni zake za mjini zilianza mwaka 1987, na mtu wa kipato cha chini anaweza kufika karibu kila kona ya mji kwa treni na basi.

London na Stockholm: lipia kuingia katikati

London haikuzuia watu kununua magari. Tarehe 17 Februari 2003, chini ya meya Ken Livingstone, ilianza kutoza pauni 5 kwa siku kwa gari linaloingia katikati ya mji. Kamera husoma namba za gari. Mwaka 2020 tozo ikapanda hadi pauni 15. Sheria inataka fedha hizo zitumike kwenye usafiri. Miaka ya mwanzo magari yalipungua na mabasi yakapata nafasi. Baadaye foleni ilirudi kwa kiasi fulani, kutokana na ukarabati wa barabara na wingi wa magari ya kukodi.

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilitumia busara ya kuonjesha kwanza. Wananchi wengi walikuwa wanaipinga tozo. Mji ukaijaribu kuanzia Januari hadi Julai 2006, huku ukiongeza mabasi. Magari yaliyovuka mpaka wa eneo la tozo yalipungua kwa takriban moja ya tano. Kisha ikasimamishwa, na foleni zikarudi watu wakiziona. Septemba mwaka huohuo walipopiga kura, wakazi wengi wa mji walisema tozo irudi. Ikawa ya kudumu mwaka 2007.

Mexico: dawa iliyozaa ugonjwa

Si kila hatua hufaulu. Novemba 1989, jiji la Mexico lilipiga marufuku kila gari kutembea siku moja ya kazi kwa wiki, kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba yake. Lengo lilikuwa kupunguza moshi. Familia nyingi zenye uwezo zilinunua gari la pili lenye namba tofauti, mara nyingi la zamani na lenye moshi zaidi. Uchunguzi uliofanywa baadaye haukukuta hewa imekuwa safi kwa sababu ya marufuku hiyo. Ukimzuia mtu asitumie gari na usimpe njia nyingine ya kusafiri, atatafuta mlango wa nyuma.

Na kwetu?

Mwezi Mei 2016 Dar es Salaam ilianza mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Wazo hilo lilikuwa limeshafanya kazi Bogotá, mji mkuu wa Colombia, tangu mwaka 2000 chini ya meya Enrique Peñalosa: basi lipewe njia yake, lisikae foleni moja na gari la mtu mmoja. Safari iliyokuwa ikila saa mbili ikashuka hadi chini ya saa moja. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Baadaye malalamiko yakaja, na yana msingi: mabasi hayatoshi, abiria wanasubiri muda mrefu na wanabanana. Somo liko hapo. Njia maalumu bila mabasi ya kutosha ni kisima bila ndoo. Anayechoka kusubiri hurudi kwenye bodaboda, na akipata fedha hununua gari.

Tukiangalia miji hii yote tunaona jambo moja. Miji iliyopunguza foleni ilikubali kwamba barabara ya mjini ni kama malisho ya kijiji: kila mmoja akiingiza mifugo apendavyo, nyasi zinakwisha kwa wote. Ikaweka utaratibu wa nani atumie, lini na kwa gharama gani. Na haikuishia kwenye kuzuia. Ilihakikisha treni au basi lipo, kwa sababu tozo bila basi ni adhabu kwa maskini.

Ukisikia mpango wa barabara katika mji wako

Miji kama Mbeya, Dodoma, Mwanza na Morogoro inakua sasa. Hata makao makuu ya wilaya yako yanakua. Mji unaotenga nafasi mapema hutumia fedha kidogo kuliko mji unaobomoa nyumba baadaye. Kwa hiyo, katika kikao cha kijiji, cha mtaa au mbele ya diwani, maswali haya matatu yanafaa:

Kwanza, je, barabara hiyo imetenga njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, au wanafunzi watapita pamoja na malori?

Pili, stendi na soko vitakuwa wapi? Soko likiwa katikati kabisa ya mji, kila lori la mazao litaingia kwenye foleni. Likiwa mahali panapofikika, mkulima anaokoa muda na mzigo wake.

Tatu, mabasi yatapata nafasi gani? Barabara ikipanuliwa kwa ajili ya magari madogo pekee, jiandaeni kuipanua tena.

Majibu yakipatikana kabla nguzo hazijasimikwa, kubadilisha ramani hakuna gharama kubwa. Wakishafika wa kupima na kuweka alama nyekundu kwenye kuta za nyumba, muda wa kuuliza umeshapita.