Chuma cha Kufua na Chuma cha Kusubu: Funzo Kutoka Buhaya

Mtafsiri wa maelezo ya chombo cha kupimia unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti isiyosikika huandika "chuma" tu, akadhani amemaliza kazi. Historia ya Buhaya yatuonyesha kwamba hajaimaliza.

Katika nchi ya Wahaya, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya za Bukoba na Muleba, uyeyushaji wa chuma ni ufundi wa kale sana. Mabaki ya tanuri yalichimbuliwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt kule Katuruka na Kemondo. Mwaka 1976 wazee wa kijiji cha Nyungwe, waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miaka mingi, walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Kilichotoka hakikuwa uji wa kumiminwa, bali bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge la namna hiyo hupigwa kwa nyundo hata likasafika. Huko ndiko kufua. Kusubu ni kazi nyingine: chuma chenye kaboni nyingi huyeyushwa kikawa maji, kikamiminwa katika kalibu.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Chombo tulichokitaja hakipimi unene wenyewe. Hupima muda ambao sauti hupenya ukuta na kurudi, kisha hupiga hesabu kwa mwendo wa sauti. Katika feleji mwendo huo ni kama mita 5,900 kwa sekunde. Katika chuma cha kusubu chenye vipande vya kinywe huweza kuwa kama 4,600, na hubadilika kwa kadiri ya kinywe kilichomo. Fundi akikiweka chombo kwa mwendo wa feleji, ukuta wa pampu wenye milimita 10 utasomeka karibu 13. Ukuta uliolika utadhaniwa mzima.

Kwa hiyo tunapendekeza "chuma" libaki jina la jumla, na kila aina itajwe kwa jina lake: chuma cha kufua, chuma cha kusubu, feleji. Maneno hayo tunayo tayari; hatuna haja ya kuazima. Walimu wayafundishe, na watafsiri wayatumie bila kuyachanganya, kwa maana fundi atakayesoma maelezo hayo ataamini kila neno lililoandikwa.